Ghala la Chuma

Saa saba usiku, Kuhmo, Januari.
Kipimajoto cha dirishani kimezama mpaka chini kabisa,
na mbao za jikoni zinahesabu:
mke wangu Tuovi anatembea tena.

Kutoka jokofu hadi mlango, mlango hadi jokofu.
Hana pa kwenda.
Miguu ndiyo yenye safari.

"Si maumivu, Ensio," husema,
"wala si ganzi. Ni kama sisimizi wamepewa kibarua
ndani ya mfupa, na msimamizi wao halali.
Nikitulia wanaanza. Nikisimama wananyamaza.
Sasa nisimame mpaka lini?"

Ndani ya basi la Kajaani alisimama njia nzima,
viti kumi na vinne vikimtazama.
Kanisani alikaa mwisho, karibu na mlango,
watu wakadhani imani imempungua.

Na mimi, mume mwema, nilimtuliza kwa nilichokijua:
kila alipoamka niliinjika kahawa.
Kikombe cha pili, cha tatu,
tukainywa kama dawa.
Kumbe nilikuwa nikiwalipa sisimizi mshahara.

Muuguzi Päivikki hakuitazama miguu.
Aliitazama beji kwenye koti: tone jekundu, hamsini.
"Umetoa damu mara hamsini?"
"Hamsini na tatu," Tuovi akajibu, shingo ndefu.
Kutoa ni moyo, nani asiyejua?
Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali,
na karatasi ya maabara ikarudi na tarakimu moja:
akiba ya chuma, nane.
Nane!
Ghala ambalo hata panya amelihama.

Basi jikoni ikaja serikali mpya.
Kahawa ikaambiwa: mwisho wako saa tano asubuhi,
tena usiisogelee sahani.
Maziwa, tuliyoyanywa na kila mlo tangu meno ya utoto,
yakahamishiwa saa nyingine, peke yake, kama mkwe aliyekosa.
Kidonge kikapewa mwenzi, maji ya puolukka,
tunda dogo jekundu la msituni, kali kama ulimi wa wifi.
Chuma, alisema Päivikki, ni mgeni mwenye haya;
mlangoni hukwama mpaka kitu kichachu kimshike mkono.

Na Alhamisi nikakaanga chapati za damu.
Mtakunja uso, najua. Sisi ndiko tulikolelewa:
damu ya ng'ombe, unga wa shayiri, kitunguu,
na kikaango cha mama, cheusi, kizito
kama kosa la ujana.
Tuovi alikula akicheka:
"Nilitoa kwa sindano, narudishiwa kwa uma."

Sitadanganya. Wiki ya tatu hapakuwa na kitu.
Tumbo lilifunga, choo kikawa cheusi,
sisimizi wakaingia kazini kama kawaida.
Mimi nami, kwa wivu, nikameza kidonge kimoja;
Päivikki akanigombeza kama mtoto:
chuma kwa asiyekipungukiwa ni kutu ya ini.
Kwa Tuovi alisema tu, haba na haba.
Kibaba chake hakusema kina ukubwa gani.

Machi ilikuja barua ya kumwita akatoe damu.
Aliisoma mara mbili,
akaikunja, akaiweka chini ya kikaango.
Usiku ule alitembea, lakini nadhani
haikuwa miguu.

Mei, barafu ya ziwani imeshapasuka.
Naamka saa saba, naona mwanga tayari mpevu,
na mbao ziko kimya.
Nasikiliza. Kimya kile kinanisimamisha.
Naenda jikoni, jokofu hadi mlango,
mlango hadi jokofu,
mkono unaligusa kopo la kahawa, unaliacha.

Sisimizi hawajafa; usiku mmoja kati ya minne
bado hupiga kengele yao.
Ila huu si wao.

Sauti nzito ya usingizi inatoka chumbani:
"Ensio, watembea nini? Rudi ulale.
Unanihesabia mbao."